Pampu ya Skuli: Shajara ya Mradi Wetu wa Maji, Micheweni

Jumamosi, 9 Novemba 2024, London

Tumekutana saba, sebuleni kwa mwanasheria wetu, watoto wakiwa wamekwisha kulazwa. Sote tumezaliwa au tumekulia Uingereza, na wazee wetu sote ni wa Pemba. Wapo wahandisi wawili, mhasibu, mkunga, mwalimu wa hesabu, mwanasheria na mimi, mkalimani wa hospitali, ambaye kutwa kazi yangu ni kumfikishia daktari maneno ya bibi na kumfikishia bibi maneno ya daktari. Kwa hilo wamenipa ukatibu. Naanza kuandika leo leo, kabla hata ya peni moja kuingia, ili kila atakayetoa chake apate mahali pa kusoma kimekwenda wapi.

Tuliingia kikaoni na wazo la kuchimba kisima. Kijana wa kwetu akishapata kazi ya maana, hilo ndilo linalomjia mwanzo: kisima, bango la saruji, jina la mzazi aliyetangulia. Ni wazo la kheri. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Kisima ni sadaka inayoendelea, maadamu maji yanatoka.

Hilo la mwisho sikulifikiria mimi. Juzi nilimpigia shangazi yangu Micheweni, kaskazini ya Pemba, kumuuliza kisima kikae upande gani wa kijiji. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, visima tunavyo. Maji ndiyo hatuna." Akavihesabu: kimoja skuli, kimoja msikitini, kimoja njia ya kwendea pwani. Vyote vitatu vina majina ya watu na hakuna hata kimoja kinachotoa tone.

Nilipoyaeleza haya sebule ilitulia. Mmoja wa wahandisi, ambaye kazi yake ni maji, akasema si ajabu ya Micheweni peke yake: makadirio yaliyotolewa mwaka 2009 na mtandao wa wataalamu wa maji vijijini yalionyesha kuwa kusini mwa Sahara, pampu za mkono karibu 36 katika kila 100 zilikuwa hazifanyi kazi. Nimeirudia hesabu hiyo kichwani ndani ya treni mpaka nyumbani. Nyuma ya kila pampu iliyokufa wapo watu waliochanga, waliopiga picha, waliolia kwa furaha.

Uamuzi wa leo: hatuchimbi. Tunafufua kisima cha skuli, na katika mchango uleule tunatafuta fedha za kukitunza miaka 3. Mhasibu ametuonya kuwa hii itakuwa ngumu kuchangisha kuliko kisima kipya. Tumekubali.

Jumapili, 24 Novemba 2024

Binamu yangu ametuma picha kumi na moja na video moja. Kibanda cha tofali, mlango umefungwa kwa waya. Tangi juu, limepasuka ubavuni. Chini ya mfereji wa bomba kuna alama ya duara kwenye saruji, madumu yalipokuwa yakikaa miaka yote yakisubiri zamu. Duara limechimbika kama kinu.

Tumeuliza kisima kilikufaje, na jibu limechukua wiki nzima kukusanywa, maana kila mtu anakijua kipande. Pemba ina umeme wa kutosha tangu mwaka 2010, ulipolazwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kiliendeshwa na majenereta ya dizeli. Kwa hiyo pampu ilikuwa ya umeme, na kamati ya maji ikitoza shilingi 50 kwa dumu ili inunue umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla ya kutumia. Wakati wa likizo ya skuli hakuna aliyetoza wala aliyenunua. Kisha ukaja mwisho wa kaskazi mmoja, kiangazi kikali, maji yakashuka chini ya pampu na pampu ikaendelea kuzunguka kavu. Mota ikaungua. Sanduku la kamati lilikuwa na shilingi elfu arobaini na kitu. Pampu mpya ni mamilioni.

Simwoni wa kumlaumu hapa. Aliyejenga alijenga vizuri, bomba limenyooka mpaka leo. Hakuna aliyewaachia kifaa cha kukata umeme maji yakipungua, wala aliyekaa nao akahesabu pampu hudumu miaka mingapi na inapokufa pesa zitoke wapi.

Sasa maji yanakuja kwa gari la ng'ombe, shilingi 300 dumu la lita 20.

Jumatano, 18 Desemba 2024

Ya makaratasi, kwa ufupi. Katika England na Wales, shirika la hisani lenye mapato ya zaidi ya paundi 5,000 kwa mwaka linatakiwa kujisajili kwa Tume ya Mashirika ya Hisani. Makisio yetu yanapita hapo, kwa hiyo tunajisajili. Mwanasheria ameandika katiba, wadhamini ni wanne.

Benki ya kwanza imetukataa bila kutueleza sababu. Mkunga ameumia sana na hilo. Amefanya kazi zamu za usiku miaka minane katika nchi hii, halafu anaonekana mtu wa kutiliwa shaka kwa sababu pesa zinakwenda Zanzibar. Tumejaza fomu za benki nyingine. Mpaka akaunti ifunguke, tunapokea ahadi tu. Mhasibu ameshikilia kuwa hata paundi 10 isipite kwenye akaunti ya mtu binafsi, na amefanya vyema.

Jumapili, 12 Januari 2025

Siku ya Mapinduzi, kule ni mapumziko, kwa hiyo watu walikuwa nyumbani. Tumezungumza kwa simu ya video na sheha, yaani kiongozi wa serikali kijijini, mwalimu mkuu, wazee wawili wa kamati, na kina mama sita walioketi mkekani nyuma. Kikao cha saa mbili na nusu. Nakiandika kwa urefu kwa sababu kimebadilisha mradi.

Mhandisi wetu alikuwa na mchoro: pampu ya sola, paneli 4, tangi 1 la lita 5,000. Sola haihitaji kununuliwa Tukuza, na jua la Micheweni halina ubahili. Wanaume walikubali haraka. Sheha akashukuru, akaomba dua. Tulikuwa tunakaribia kuagana, nikasema, "Shikamooni kina mama, hatujawasikia."

Shangazi akajibu marahaba, akasogea mbele. "Mimi nauliza moja. Bamvua mtafanyaje?"

Mhandisi hakulijua neno. Nikamweleza: ni zile siku za mwezi mwandamo na mwezi kumi na nne, bahari inapojaa sana na kutoka sana, kinyume chake ni maji mafu. Shangazi akaendelea. Kisima kile, alisema, siku za bamvua huwa na chumvi. Masika huisikii, mvua imejaa ardhini. Lakini kaskazi ikikaza, siku za bamvua maji ya skuli hayapikiki chai. Walijua wote, wakichota mapema, wakipumzisha kisima siku nne au tano, maji yakirudi yanarudi matamu. Ilipokuja pampu ya umeme, mwenye ufunguo akawa mwalimu kijana wa kutoka mbali, akawa anawasha kila siku.

Mhandisi aliweka kalamu chini. Kisha akatufafanulia, nami nikawa namtafsiria, jambo ambalo nimelipenda kupita kiasi. Katika ardhi ya mawe ya pwani kama Micheweni, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kanuni yake inabeba majina ya Ghyben na Herzberg: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko mita kama 40 chini yake. Inasikika ni utajiri, ila inafanya kazi kinyumenyume pia. Ukivuta kwa nguvu ukashusha maji kidogo tu juu, chumvi inapanda sana kutoka chini. Bahari ikipanda na kushuka kwa wingi wa bamvua, maji yaliyomo katika ardhi ile yenye matundu yanapanda na kushuka nayo. Kwa hiyo pampu kubwa ingekiua kisima haraka zaidi.

Alipomaliza, mzee mmoja wa kamati akasema, "Ndiyo hayo aliyoyasema mama."

Lakini tatizo halikwisha hapo. Wanawake wa Micheweni wengi ni wakulima wa mwani. Kilimo hicho kimeingia Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na mashamba yake yako baharini, mahali panapofunuka maji yakitoka sana. Yaani siku za bamvua ndizo siku za kazi. Wanatoka pwani jua kali, miguu imechunika kwa chumvi, na siku hizohizo ndizo kisima kinatakiwa kilale. Tangi la lita 5,000 halitawavusha siku nne.

"Basi mawili," akasema mama mmoja, bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye ukili aliokuwa akisuka.

Mawili. Yajazwe siku za maji mafu, yafungwe, yagawiwe kwa zamu siku za bamvua. Mchoro umeandikwa upya usiku huohuo.

Jumamosi, 8 Februari 2025

Akaunti imefunguka wiki iliyopita. Bajeti imekamilika, kwa shilingi za Tanzania:

Pampu, kidhibiti chake, paneli 4 na kifaa cha kuzima maji yakishuka: 5,900,000. Matangi 2 ya lita 5,000: 2,200,000. Jukwaa la saruji: 1,700,000. Mabomba, waya na vifaa vidogo: 900,000. Ufundi: 700,000. Jumla ya kazi, 11,400,000.

Halafu sehemu ya pili, ambayo ndiyo tumeifanyia mradi huu. Posho ya mtunza kisima 80,000 kwa mwezi, miezi 36: 2,880,000. Akiba ya pampu ijayo: 3,000,000. Pampu ijayo tunaitaja wazi tangu sasa; hii tunayoinunua itakufa siku moja, kama zilivyokufa nyingine.

Yote pamoja ni 17,280,000, na kwa bei ya fedha ya wiki hii ni kama paundi 5,400. Tumeshaingiza 1,310: sisi saba paundi 100 kila mmoja, zilizobaki ni za ndugu na wafanyakazi wenzetu.

Jumamosi, 15 Machi 2025

Futari ya mchango, ukumbi wa jamii London mashariki. Walikuja watu zaidi ya mia. Kina mama walipika tangu asubuhi na wamefunga: majimbi ya nazi, tambi, mkate wa kumimina, sambusa, uji. Hatukuuza tiketi. Mhasibu alitufahamisha mapema kuwa mpango wa Gift Aid, unaoongeza peni 25 juu ya kila paundi 1 ya mlipa kodi, ni kwa zawadi tu. Ukimuuzia mtu tiketi amenunua chakula, hajatoa sadaka. Kwa hiyo kuingia bure, bahasha mezani, na fomu ya kusaini kwa anayelipa kodi.

Baada ya Magharibi nilisimama kueleza. Niliona nyuso zinavyobadilika nilipofika kwenye posho na akiba. Kwa kisima kipya wangekuwa wameshaingiza mikono mifukoni. Mzee mmoja, mtu mzito katika jamii yetu, aliinuka kwa adabu: "Mwanangu, nimekusikia. Mimi nataka kumtolea marehemu mama yangu. Jina lake litaandikwa wapi? Kwenye mshahara wa bawabu?"

Sikuwa na jibu. Maana alikuwa na haki. Mtu aliyeacha mama yake amezikwa ng'ambo ya bahari, na hakuwahi kumzika kwa mkono wake, hatafuti sifa anapotaka jina. Anatafuta mahali pa kumkumbukia.

Mhasibu wetu, ambaye hazungumzi sana, ndiye aliyesimama. Akasema kisimani patakuwa na daftari. Kila mwezi una ukurasa wake: lita ngapi, chumvi kiasi gani, nani alikuja kutengeneza nini. Na juu ya kila ukurasa patakuwa na jina moja. Paundi 25 zinabeba mwezi mzima wa kisima. "Mwezi wa Rajabu ukawa wa mama yako, mzee. Mwezi mzima, kila anayekunywa, anakunywa kwake. Na mtunza kisima atalisoma jina hilo tarehe mosi, mbele ya watu, wamwombee."

Hatukuwa tumelipanga hili. Nilimtazama nikidhani tutajadiliana kwanza kamatini. Mzee alikaa kimya, akafuta macho kwa ncha ya kanzu, akasema: "Niandikie Rajabu. Na Shaabani mwandikie baba."

Miezi 19 ikachukuliwa kabla ya Isha. Binti mmoja wa miaka kumi na sita hivi alichukua mwezi kwa ajili ya bibi yake ambaye yu hai, akaomba jina lake lisomwe angali anasikia.

Hesabu ya usiku: bahasha na kadi 2,265, miezi 19, paundi 475. Tumefika 4,050.

Jumamosi, 26 Aprili 2025

Miezi yote 36 imekwisha kuchukuliwa. 17 iliyobaki imetuletea 425. Jamaa wa Leicester wametuma 610 baada ya Idi. Tuko 5,085. Usajili bado, tume imetuuliza maswali mawili zaidi na tumejibu.

Nimeletewa shauri na wawili watatu kwamba, kwa kuwa pesa za kazi zimetimia, tuanze kuchangisha kisima cha msikitini pia. Nimelipinga kikaoni na nitaendelea kulipinga. Tukiongeza cha pili kabla cha kwanza hakijapita kaskazi moja, tutakuwa tumefanya yaleyale.

Alhamisi, 29 Mei 2025

Namba ya usajili imetoka. Alhamdulillahi.

Kutuma pesa kumetufunza. Njia ya kwanza tuliyopewa bei ilitangaza kuwa haina ada, lakini tulipoilinganisha bei yao ya kubadilisha na bei ya soko, katika kila paundi 100 karibu 6 zilikuwa zinabaki njiani. Mataifa yamekubaliana katika Malengo ya Maendeleo Endelevu kwamba kufikia mwaka 2030 gharama ya kutuma pesa nyumbani ishuke chini ya asilimia 3. Mama zetu wametuma paundi hamsini hamsini kila mwezi kwa miaka 20 bila ya yeyote kuwafanyia hesabu hiyo. Mhasibu amepata njia isiyofika asilimia 2, kutoka akaunti yetu hadi akaunti ya kamati yenye watia saini watatu, mmoja wao mwanamke. Tumetuma nusu ya pesa za kazi. Nusu ya pili itatoka pampu ikishashushwa.

Shilingi imeshuka tangu Februari, kwa hiyo paundi zilezile zimezaa shilingi zaidi. Ziada yote imeingia akiba ya pampu ijayo.

Jumanne, 15 Julai 2025, Micheweni

Nimefika juzi, boti mpaka Mkoani, kisha gari mpaka huku, kisiwa kizima kutoka kusini hadi kaskazini. Milima ya mikarafuu inakwisha taratibu, na ukikaribia Micheweni ardhi inalala, mawe yanatokeza, kando ya njia kuna malundo ya kokoto zilizogongwa kwa mkono.

Fundi wa Wete amechagua wiki hii makusudi, mwezi unaelekea ishirini na kitu, maji mafu. Leo wametoa pampu ya zamani. Wanaume sita wakivuta kwa kamba, bomba kipande kwa kipande, likikatwa na kulazwa chini. Kutu nyekundu imewaganda viganjani. Pampu yenyewe ilipotoka watoto wa skuli walisogea: kichuma chembamba, urefu wa mkono wa mtu mzima, ubavu mmoja umebabuka mweusi. Mtoto mmoja akaigusa kwa kidole akarudisha mkono haraka, kama bado ina moto.

Mwalimu mkuu ameomba isitupwe. Itawekwa darasani.

Jumamosi, 19 Julai 2025

Pampu imeshuka jana. Paneli nne juu ya kibanda, zimeelekezwa kaskazini kidogo, maana tuko kusini ya ikweta. Leo saa 4 asubuhi fundi akafungua.

Kwanza ulitoka upepo. Kisha maji ya rangi ya udongo, dakika kumi nzima, na hakuna aliyesogea. Yalipotakata, vijana wakapiga kelele, na nikaona simu zote zimeinuka. Shangazi hakupiga kelele. Alikinga kiganja, akasukutua, akatema. Akakinga tena, akanywa polepole huku amefumba macho.

"Matamu," akasema. Kisha: "Tuone bamvua."

Kipima chumvi cha mhandisi kimesoma miligramu 610 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema maji yaliyo chini ya takriban 600 ladha yake huhesabiwa nzuri, na yakipita 1,000 huanza kuchukiza. Kwa hiyo shangazi na kipimo karibu wamekubaliana. Tangi la kwanza limejaa ilipofika saa 8 mchana.

Mtunza kisima amechaguliwa na mkutano wa kijiji: mama wa makamo, mkulima wa mwani, ambaye kalenda ya bahari anayo kichwani. Wazee wawili walitaka awe mwanamume. Sheha akauliza nani katika waliopo anaweza kutaja siku za bamvua za miezi mitatu ijayo bila kutazama popote, na mama huyo akazitaja.

Jumamosi, 26 Julai 2025

Ni siku za mwezi mwandamo. Pampu imezimwa tangu Alhamisi. Kina mama wamerudi pwani saa 6, nguo zimelowa hadi kifuani, wakapanga foleni. Madumu mawili kwa kaya, shilingi 50 kila dumu. Walikuwa wakinawa miguu kwanza, kwa kikombe kimoja kimoja, kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwa mtu anayenawa miguu.

Jioni mtunza kisima aliniruhusu tuwashe robo saa ili tupime tu: 890. Na huu ni mwezi wa Julai, masika hayajasahaulika ardhini. Nimeiandika namba hiyo daftarini kwa mkono wangu. Nimemwachia kipimo, naye amekifunga kwenye kanga, akakitia mkobani.

Jumamosi, 16 Agosti 2025, London

Nimerudi. Dai la Gift Aid limelipwa, paundi 780. Nalo lote limekwenda akiba.

Nimetuma ripoti yenye risiti kwa kila aliyetoa. Watu wanne tu wamejibu. Lakini ukurasa wa Agosti, wenye jina la bibi wa yule binti, nilipompelekea picha yake, alinipigia simu. Bibi amesikilizishwa sauti ya watu wakimwombea, akauliza mara tatu, "Wananijua?"

Jumapili, 7 Septemba 2025

Mwezi umepatwa leo. London umechomoza kama saa 1 na nusu jioni ukiwa tayari mwekundu, chini kabisa juu ya mapaa, na wengi mtaani kwetu hata hawakuuona. Kule kwetu ilikuwa saa 3 na nusu usiku, mwezi uko juu na anga limetakata. Shangazi alinipigia wametoka kuswali swala ya kupatwa kwa mwezi. Tukabaki kwenye simu, yeye uani, mimi dirishani, tukiutazama.

Nikamuuliza kisima. Akacheka. Mtunza alijaza matangi yote mawili Ijumaa, na jana asubuhi amefunga kibanda, ufunguo anao shingoni. Mwalimu mmoja mgeni alimwendea kuomba awashe kidogo, watoto wanamwagilia bustani. Akamtolea daftari, akamwonyesha 890.

"Akasemaje mwalimu?"

"Akauliza bamvua ni nini," shangazi akasema. "Wamekaa hapo kizingitini mpaka adhana ya Adhuhuri, anamweleza."

Daftari, hadi leo: siku 51, lita 268,000. Matengenezo: moja, koki ya mfereji wa pili, shilingi 6,500, imelipwa kutoka sandukuni. Kipimo kijacho, Alhamisi, maji yakianza kufa. Ukurasa wa Oktoba: jina limeshaandikwa.